Kompyuta Kuukuu: Kuifufua au Kununua Nyingine

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, ili aliyekosa kusikiliza apate kuyasoma mwenyewe.

Natumaini wote mmekwisha kukaa, na taa inatosha kusomea. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne, maana tutayatumia sana leo: diski, RAM, feni, betri. Neno RAM lina herufi tatu tu, na zote ni kubwa. Msiliogope, tutalieleza.

Somo letu ni juu ya kompyuta iliyozeeka. Siku hizi kompyuta si kitu cha ofisini tu. Imo majumbani na vibandani. Watoto huandikia kazi za shule, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hutunzia hesabu za wanachama, na mwenye kibanda cha kuchapa barua hupatia riziki yake humo. Nyingi katika kompyuta hizo zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika nchi nyingine, na hapa kwetu zimetumika miaka mingine mitano au sita. Basi siku moja mashine inaanza kwenda polepole. Unaiwasha, unachemsha chai, unakunywa chai, na bado haijawa tayari. Mtoto anasema, "Baba, hii imekufa, tununue mpya." Jirani anasema usimwage fedha katika chuma chakavu. Fundi naye ana lake. Lakini atakayetoa fedha ni wewe, na fedha yenyewe ni ile ile ya ada, ya mbolea na ya bati. Kwa hiyo yafaa ujue namna ya kuamua.

Neno la kwanza ni hili: kompyuta haizeeki yote kwa pamoja. Huzeeka kipande kipande, kama baiskeli. Tairi likilika, hununui baiskeli nyingine. Mnyororo ukikatika, hununui baiskeli nyingine. Lakini fremu ikivunjika katikati, hapo lazima ukae chini ufikiri. Kwa hiyo swali la kwanza si "mashine hii ina miaka mingapi?" Swali la kwanza ni "kipande gani kinaumwa?" Mtu asiyeuliza swali hili hununua mashine nzima kwa sababu ya ugonjwa wa kipande kimoja.

Lakini ngojeni kwanza. Kabla ya kuuliza lolote, na kabla fundi hajagusa msumari hata mmoja, iko kazi ya kufanya. Nakili vitu vyako. Chukua flashi au diski ya nje, tia ndani yake picha zako, barua zako, hesabu za kikundi, hati za shamba, na kila kitu ambacho kikipotea hutakipata tena. Kisha ifungue flashi hiyo katika kompyuta ya mtu mwingine, uone kwa macho yako kwamba picha zinafunguka. Msidharau jambo hili. Mashine hununuliwa tena. Picha ya marehemu mama yako, iliyokuwa humo tu, hainunuliwi. Na kama kompyuta yako inatoa mlio wa tik-tik-tik, au baadhi ya barua zinakataa kufunguka, usiongoje kesho, maana hizo ni dalili za diski inayokufa. Nakili leo, uizime, umpelekee fundi.

Haya, sasa tutafute ugonjwa. Kama kompyuta yako ina Windows 10 au 11, bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Kitatokea kidirisha. Ukiona majina ya programu tu, bonyeza maneno ya chini ili kidirisha kifunguke chote. Hapo juu utaona maneno matatu ya Kiingereza: CPU, Memory na Disk. Mwalimu, yaandike nayo ubaoni. CPU ni ubongo wa kompyuta, ambao mafundi huuita prosesa. Memory ndiyo RAM yetu. Disk ni diski. Juu ya kila neno iko namba na alama ya asilimia. Iache kompyuta ifanye kazi yake ya kawaida, na wewe utazame namba hizo kwa muda wa dakika tano. Namba inayokaa karibu na 100 bila kushuka ndiyo inayokuonyesha mgonjwa.

Twende kwa diski. Diski ni ghala ya kompyuta. Vyote ulivyoandika na vyote ulivyopiga picha vimelala humo, hata umeme ukizimika. Kompyuta nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja, na mkono mdogo unaokwenda huku na huku kutafuta maneno juu ya sahani hiyo. Fikiri juu ya mtunza ghala mmoja mwenye mguu mbaya, ambaye watu thelathini wanamwita kwa wakati mmoja. Anakwenda kona hii, anarudi, anakwenda kona ile. Si mvivu, ila safari ni nyingi. Programu za siku hizi huiita diski mara nyingi zaidi kuliko zile za zamani, kwa hiyo mashine iliyokuwa nyepesi miaka kumi iliyopita leo inakokota miguu, na hali haikuharibika kitu.

Dawa yake iko. Iko diski ya namna nyingine iitwayo SSD. Hiyo haina sahani, haina mkono, wala haizunguki. Maneno yamehifadhiwa katika vipande vya elektroniki, kama yalivyo katika flashi au simu. Diski ya kuzunguka husoma kiasi cha megabaiti 100 kwa sekunde hivi. SSD ya kawaida inayoingia mahali pale pale husoma kiasi cha 500. Na katika kutafuta vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika, ambayo ndiyo kazi kubwa ya kompyuta kila siku, tofauti ni kubwa kupita hiyo. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika nne au tano kuwaka, mara nyingi huwaka chini ya dakika moja. Kama mtu ana fedha ya kutengeneza kipande kimoja tu, na diski yake ni ya kuzunguka, ninamwambia bila kusita: anza na SSD. Sijui shilingi yoyote katika kompyuta inayoleta faida kupita hiyo.

RAM ni kitu kingine, na watu huichanganya na diski kila siku. RAM si ghala, ni meza ya kazi. Unapofungua barua, kompyuta huitoa ghalani na kuiweka mezani. Ukifungua na ukurasa wa intaneti, nao huwekwa mezani. Meza ikijaa, kompyuta hulazimika kurudisha vitu vingine ghalani ili kupata nafasi, na kwenda kuvichukua tena unapovihitaji. Hapo ndipo inapokwama. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 siku hizi ina meza ndogo; yenye 8 huwatosha wengi wanaoandika barua, kusoma intaneti na kutunza hesabu. Mafundi wengine watakuambia utie 16 au 32. Muulize, "Za nini?" Kama huhariri filamu, bado hujahitaji.

Angalieni mambo mawili juu ya RAM. Vipande vyake havilingani: viko viitwavyo DDR3 na viko viitwavyo DDR4, na kimoja hakiingii mahali pa kingine. Kwa hiyo unapokwenda dukani, kichukue kile cha zamani mkononi, kama unavyokwenda na kishikizo cha shati kwa mshonaji. La pili, katika laptopu nyingine nyembamba, yaani zile kompyuta za kukunja, RAM imeunganishwa kabisa kwa risasi juu ya ubao mkuu, haitoki. Mwambie fundi aifungue atazame kabla hujalipa.

Na kama namba inayokaa juu ni ya CPU? Hapo yawezekana iko programu mbaya iliyojificha, au virusi, na kusafisha kutatosha. Au prosesa yenyewe imechoka na kazi unayoipa. Prosesa katika laptopu kwa kawaida haibadilishwi kwa faida, nayo ndiyo iliyo karibu na fremu katika ule mfano wetu wa baiskeli.

Yako magonjwa mengine madogo yanayotisha watu bure. Kompyuta inapiga kelele kama mashine ya kusaga, inakuwa moto, kisha inajizima yenyewe. Mara nyingi ni vumbi. Feni imejaa, hewa haipiti, na mashine inajizima ili isiungue. Fundi akiifungua, akapuliza vumbi na kubadilisha ile dawa inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto, inapona. Sisi wa huku, kwa vumbi letu la kiangazi, yafaa tufanye hivyo kila mwaka.

Ugonjwa mwingine huchekesha ukiujua. Unaiwasha kompyuta, inasema leo ni mwaka 2009 au 2015, na kila ukurasa wa intaneti unakataa kufunguka, ukileta onyo la hatari. Watu wamekwisha kutupa kompyuta kwa sababu hiyo. Ndani ya kompyuta nyingi kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, na mara nyingi imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kuitunza saa wakati umeme haupo. Ikiisha, saa hurudi nyuma. Na kurasa za intaneti zina hati yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta iliyopotea katika miaka huiona hati hiyo kuwa haijaanza kutumika, inakataa. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na huuzwa hata mahali panapouzwa saa.

Lakini betri kubwa ya laptopu si mchezo. Ukiona vitufe vimeinuka, au kile kibao cha kuongozea mshale kimevimba, au kifuniko cha chini hakifungi vizuri, betri imevimba. Izime mashine, chomoa waya, usiitie umeme tena, wala usiitoboe kwa kitu chochote. Betri za lithiamu huweza kushika moto. Mpelekee fundi aitoe, na usiiweke chini ya kitanda cha watoto ukingoja siku ya soko.

Hayo ni magonjwa ya chuma. Sasa twende kwenye jambo gumu zaidi, maana hapa kompyuta yaweza kuwa nzima kabisa kwa mwili na bado isiaminike.

Kila kompyuta ina programu kuu inayoiendesha. Kwa wengi wetu programu hiyo ni Windows ya kampuni ya Microsoft. Windows 10 ilitoka mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ilimaliza kuitengeneza bure. Watu wa nyumbani waliojiandikisha waliongezewa muda wa matengenezo ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Wengi walisikia habari hizo wakadhani kompyuta zao zingezimika siku hiyo. Sivyo. Mashine huendelea kuwaka kama kawaida. Kinachokoma ni kutiwa viraka. Wezi wa mitandaoni hawaachi kutafuta matundu katika programu, na kampuni ikigundua tundu huleta kiraka. Kiraka kisipokuja, tundu hubaki wazi, na wezi wote wanajua lilipo.

Je, hiyo ni hofu ya bure? Sikilizeni habari ya mwezi wa Mei mwaka 2017. Programu mbaya iliyoitwa WannaCry iliingia katika kompyuta katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache. Ilifunga barua za watu kwa siri, kisha ikadai fedha ndipo izifungue. Hata hospitali nyingi za serikali huko Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Na kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimekwisha kutolewa mwezi wa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikukipata, na katika hao walikuwamo wenye programu kuukuu zilizokwisha kuachwa. Basi mtu anayefungua akaunti ya benki, au anayetunza fedha za watu thelathini wa kikundi, katika kompyuta isiyopata viraka tena, ameacha mlango bila kufuli.

Njia ya kwanza ni kupandisha mashine mpaka Windows 11, iliyotoka mwaka 2021. Lakini Windows 11 ina masharti. Inataka RAM ya gigabaiti 4 kwa uchache, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, kidude cha kutunza siri kiitwacho TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa jumla, kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hukataliwa. Mafundi wengine wanajua njia za kulazimisha. Mimi siipendi njia hiyo, kwa maana kampuni haikuahidi kwamba mashine iliyolazimishwa itaendelea kupata viraka, na huko ni kurudi pale pale.

Njia ya pili ni kuacha Windows na kutia Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na leo inatengenezwa na watu wengi wa dunia nzima. Haiuzwi, unaichukua bure na kuitumia. Iko ya aina nyingi. Moja ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu". Nyingine ni Linux Mint, ambayo kwa sura inamfaa mtu aliyezoea Windows, nayo huridhika na RAM ya gigabaiti 2 kwa shida, na 4 kwa raha. Uzuri wake ni kwamba waweza kuijaribu kutoka katika flashi, bila kugusa chochote kilichomo katika diski. Ukiipenda, unaitia. Usipoipenda, unachomoa flashi na mambo yanarudi kama yalivyokuwa.

Ila nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Programu nyingine za hesabu za dukani hazifanyi kazi katika Linux. Baadhi ya mashine za kuchapa hugoma. Barua za Word hufunguka kwa programu ya bure iitwayo LibreOffice, lakini mara nyingine mistari na majedwali husogea kidogo. Na huenda fundi wa mtaani kwako haijui. Kwa mtu anayeandika, anayesoma intaneti na kutazama picha, inatosha kabisa. Kwa mtu ambaye riziki yake imefungwa katika programu moja ya Windows, aulize kwanza.

Sasa na tuhesabu. Chukueni kalamu.

Tuseme yuko mama mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala karibu na shule. Kompyuta yake ina RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka. Zamu yake ya upatu imefika, ana shilingi 600,000 mkononi, na mtoto anaingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Anakwenda kwa fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashine hii imekuwa nzito. Nimechoka nayo."

"Mama, hiyo imekwisha. Ninayo nyingine hapa, nzuri, i5, nikuuzie kwa 550,000 tu."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Diski yake umeitazama? RAM yaweza kuongezwa? Niandikie bei ya kila kipande katika karatasi, nikahesabu nyumbani."

Mama huyu amefanya vizuri. Hakugombana na kijana, wala hakumwita mwongo. Ameomba karatasi. Fundi anaandika: SSD shilingi 90,000, RAM shilingi 50,000, ufundi shilingi 20,000. Bei hizi ni za mfano wa somo letu tu. Nanyi mkaulize za kwenu, maana bei za vipande hivi, hasa RAM, hupanda na kushuka. Jumlisheni. Jawabu ni shilingi 160,000.

Mimi hutumia kipimo cha nusu. Chukua bei ya mashine utakayonunua badala yake, igawe kwa mbili. Nusu ya 550,000 ni 275,000. Gharama ya kufufua ikiwa chini ya nusu, na ubao mkuu ni mzima, fufua. Ikipita nusu, fikiri kununua. Hapa 160,000 iko chini, imebaki nafasi hata ya chaja mpya.

Lakini hesabu haijaisha. Lazima ugawe kwa miaka. Mashine iliyofufuliwa huenda ikafanya kazi miaka mitatu: 160,000 ukigawa kwa 3 ni kama shilingi 53,000 kwa mwaka. Ile ya kununua huenda ikafika miaka mitano: 550,000 ukigawa kwa 5 ni shilingi 110,000 kwa mwaka. Kufufua bado kunashinda. Na mama amebaki na 440,000 za kumpeleka mtoto shule.

Badilisheni sasa namba moja. Tuseme kioo nacho kimevunjika, na fundi anataka 150,000 zaidi. Jumla inakuwa 310,000, imevuka nusu. Au tuseme mashine haiwaki kabisa, na ubao mkuu umeingia maji. Au programu yake ya hesabu haikubali Linux, na mashine haikubali Windows 11. Hapo kijana wa duka anaweza kuwa amesema kweli, na mama asione haya kununua. Kung'ang'ania mashine iliyovunjika fremu nako ni hasara, hata kama kila kipande kimoja kimoja kilionekana rahisi.

Ukiamua kununua iliyotumika, soma namba wewe mwenyewe. Ndiyo maana tunajifunza kusoma. Muuzaji akikuambia "hii ni i5", hajakuambia kitu bado. Prosesa ziitwazo i5 zilianza kuuzwa mwaka 2009, na zimeendelea kutengenezwa kwa miaka mingi chini ya jina hilo hilo. Tazama namba inayofuata baada ya kistari. Ikiwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza ni 6, maana yake ni kizazi cha sita, nacho Windows 11 hukikataa. Ikiwa i5-8250U, ni kizazi cha nane, hicho hukubaliwa. Namba zikianza na 10, 11 au 12 ni za baadaye zaidi. Kwa hiyo i3 ya kizazi cha nane yaweza kukufaa kuliko i7 ya kizazi cha nne, hata kama muuzaji anaitamka "seveni" kwa sauti kubwa. Iwashe mbele yake, chomoa waya uone betri inadumu, bonyeza kila kitufe, kisha fungua kile kidirisha chetu cha Ctrl, Shift na Esc usome mwenyewe RAM ni ngapi.

Na ile ya zamani? Usiitupe jalalani. Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano na lile la mafunzo na utafiti walihesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake tu ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kuchakatwa kwa taratibu. Ndani ya vyombo hivyo mna risasi na sumu nyingine, na watoto wanaochoma nyaya ili wapate shaba huvuta moshi wake. Fundi mzuri hununua mashine mbovu kwa ajili ya vipande. Lakini diski ibaki kwako. Kufuta barua hakutoshi, kwa maana mtu mwenye ujuzi huweza kuzirudisha. Itoe diski, uitunze nyumbani, au umwombe fundi aifute yote kwa programu ya kufutia, mbele ya macho yako.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kila darasa litafute kompyuta moja ya mwanachama, au ya shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Andikeni katika daftari ina RAM ngapi, diski yake ni ya namna gani, na prosesa yake ni ya kizazi cha ngapi. Kisha watu wawili waende kwa mafundi wawili, kila mmoja kwa wake, waombe bei kwa karatasi. Mkikutana tena, piga hesabu ya nusu ubaoni, halafu gawanyeni kwa miaka. Kama bei za mafundi hao zimetofautiana sana, ziandikeni zote mbili na mjadiliane kwa nini. Somo lijalo tutaanza na hesabu zenu.

Kwaherini.